Ramani Moja, Kompyuta Nne

Nyumba ya vyumba vitatu iliondoka Bariadi ikiwa na urefu wa mita 12, ikafika Mwanza ikiwa na milimita 12. Mchoraji alichora kwa mita. Injinia wa kupanga nondo huchora kwa milimita, na faili lilipofunguka kwenye kompyuta yake alipiga simu: "Kaka, nyumba iko wapi? Mimi naona kinukta tu." Likakuzwa mara 1,000, kuta zikarudi. Vipimo navyo vikajibadilisha, isipokuwa vile ambavyo mchoraji alikuwa ameviandika mwenyewe juu ya mistari. Karatasi moja ikasoma 3.6 huku na 3600 kule. Msanifu aliyetakiwa kugonga muhuri akairudisha. Siku mbili zikaenda, na mwenye kiwanja, ambaye tofali zake zilikwisha kufyatuliwa na kukauka, akaambiwa tu kwamba "injinia bado."

Faili hilo nililichora mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikipiga hesabu ya kitu ambacho wenzangu wengi wa kazi hii hukiona cha anasa: kukubaliana, ofisi na ofisi, namna moja ya kuchora. Ubunifu kila mtu na wake. Ninachosema ni vile vidogo vinavyoudhi: tunapima kwa mita au milimita, ukuta unakaa kwenye leya gani, mstari mzito una unene gani, maandishi yana kimo gani, faili linaitwaje. Kwa asiyejua, leya ni kama vioo vilivyolaliana. Kuta ziko kwenye kimoja, nyaya za umeme kwenye kingine, mabomba kwenye cha tatu. Ukiondoa kimoja, vilivyobaki vinasomeka.

Simiyu, mkoa wetu huku Bariadi, ni wa 2012, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na wilaya za Busega na Itilima zina umri huohuo. Mkoa mpya maana yake ni ujenzi: ofisi, zahanati, madarasa, nyumba za watumishi, na nyumba za watu wanaowafuata watumishi. Sehemu kubwa ya ramani za nyumba za kawaida hutoka kwenye ofisi za chumba kimoja, kompyuta mbili na printa ya A3. Ofisi ya namna hiyo haina msanifu wa muhuri kwenye kiti cha pili. Anaweza kuwa Mwanza. Injinia anaweza kuwa Shinyanga, mkadiriaji majenzi Dar es Salaam. Faili husafiri kwa WhatsApp na kupita kwenye kompyuta nne kabla halijarudi kuwa karatasi ya kupeleka halmashauri kuombea kibali. Ndiyo maana jambo hili linatugusa zaidi sisi wa ofisi ndogo kuliko kampuni kubwa ambayo watu wake wote wamekaa ghorofa moja.

Sasa bei. Ukiamua kutokukubaliana lolote, hulipi kitu mwanzoni. Utalipa kidogo kidogo, kama kibuyu kinachovuja, na mara nyingi atakayelipa si wewe bali mteja wako, kwa kusubiri na kwa kuchapisha upya.

Unaweza pia kununua kanuni zilizokwisha kuandikwa. Chama cha wasanifu wa Marekani, AIA, kilitoa mwongozo wake wa majina ya leya mwaka 1990, na mwaka 1999 mwongozo huo ukaingizwa ndani ya kanuni pana ya taifa lao. Humo ukuta ni A-WALL, mlango A-DOOR, msingi S-FNDN. Herufi ya kwanza inasema kazi ni ya nani, A kwa usanifu, S kwa injinia, E kwa umeme, P kwa mabomba. Waingereza walikuwa na BS 1192, ambayo siku hizi imeipisha ISO 19650, ya shirika la kimataifa la viwango. Na kuna ISO 13567, iliyotolewa 1998 na kupitiwa upya 2017, inayoshughulika na leya peke yake. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ni mwanachama wa ISO, kwa hiyo huhitaji kuandika barua Geneva kuulizia. Ila ujue kwamba hati hizo huuzwa sehemu kwa sehemu, na ISO huweka bei yake kwa faranga za Uswisi.

Nilijaribu ISO 13567 kwa wiki moja. Jina la leya lina sehemu tatu za lazima: mhusika herufi mbili, kitu chenyewe herufi sita, namna kinavyoonyeshwa herufi mbili. Herufi kumi, na hujaanza nyongeza. Ni kanuni nzuri kwa uwanja wa ndege unaochorwa na kampuni kumi na mbili. Kwa nyumba ya mwalimu pale Somanda ni sawa na kuvaa suti kwenda kupalilia. Ukishanunua hati, gharama inayokungoja ni ile ya kumfundisha kijana wako kuandika A-37----E- mara arobaini kwa siku bila kukosea. Atakosea. Mimi nilikosea.

Wengine huomba faili kiolezo kutoka ofisi kubwa ya Mwanza au Dar wanakofahamiana na mtu. Ni bure, na ndivyo wengi tulivyoanza. Lakini kiolezo cha kuazima huja na mizigo ya mwenyewe: leya mia mbili za hospitali ambayo hutaijenga, jina la kampuni yake pembeni mwa karatasi, na fonti ambazo hazimo kwenye kompyuta yako, hivyo maandishi yanafunguka yakiwa alama za kuuliza. Niliwahi kuona ramani imefika kwa mteja ikiwa bado na jina la msanifu wa watu kwenye kona. Aibu ile haina bei, ingawa msanifu mwenyewe angeweza kuitafutia bei mahakamani.

Ninayoitetea mimi ni njia ya ukurasa mmoja. Watu wanne au watano wanaofanya kazi pamoja kila mara wanakaa mezani, wanachukua yale mepesi ya Wamarekani na ya ISO, wanayaandika kwenye karatasi moja ya A4, kisha wanatengeneza faili kiolezo moja tupu ambalo kila mmoja ataanzia. Leya ishirini zinatosha nyumba ya kuishi. Nilipigania majina ya Kiswahili, UKUTA, MLANGO, MSINGI, kwa sababu kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA huyaelewa papo hapo. Nikashindwa, na hoja iliyonishinda ilikuwa ya haki: mkadiriaji aliyeko mbali ana vifaa vyake vinavyotafuta A-WALL, na kila jina la kwetu angelazimika kulitafsiri kwa mkono. Tukaacha A-WALL ibaki A-WALL. Lakini tuliongeza A-JIKO na A-CHOO kwa majengo ya nje, maana huko Marekani hakuna aliyefikiria kwamba nyumba kamili inaweza kuwa na jiko lake upande wa pili wa uani.

Faida ya leya nimeiona vizuri kuliko kote kwenye udongo. Mwishoni mwa 2021 nchi nzima ilikuwa ikijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, yale tunayoyaita madarasa ya UVIKO, na kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Ukubwa uleule, bei ileile, kutoka Kagera hadi Mtwara. Hiyo ni hatua kubwa kuliko ninayoizungumzia: badala ya kukubaliana jinsi ya kuchora, unakubaliana mchoro wenyewe, na hesabu ya saruji na bati inajulikana kabla jembe halijagusa ardhi. Lakini ardhi haijasaini makubaliano hayo. Wasukuma wana majina ya udongo tangu zamani: luseni, wa kichanga, ulio juu kwenye miinuko, itogolo, ule mgumu wa katikati, na mbuga, mweusi, wa mabondeni kwenye majaruba ya mpunga. Mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unaingia. Msingi uliotulia vizuri kwenye luseni ukiuhamishia mbuga bila kubadilisha chochote, kuta zitaanza kuonyesha nyufa.

Kwa hiyo ramani ileile, ikihama kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine hapahapa Bariadi, inaweza kuhitaji msingi mwingine kabisa. Injinia ataamua: kuchimba na kuondoa udongo mweusi, au kuweka mkanda mzito wa zege wenye nondo, au kumwaga zege chini ya nyumba nzima. Faili likiwa na S-FNDN yake, anazima leya za usanifu, anachora msingi mpya mahali pa ule wa zamani, anarudisha. Asubuhi moja. Faili likiwa kama yale yangu ya zamani, kila kitu kimetupwa kwenye leya 0, hawezi kuugusa msingi bila kuvuta ukuta na dirisha. Ataanza kufuatisha upya mstari kwa mstari, na utamlipa.

Nimegundua kwamba watu wakisikia habari hii huuliza kwanza programu. Na iwe. AutoCAD ya Autodesk, iliyo sokoni tangu 1982, haiuzwi tena kwa leseni ya kudumu. Tangu mwanzoni mwa 2016 ni ya kulipia kwa muda. Toleo kamili ni karibu dola 2,000 kwa mwaka. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,600, hiyo ni milioni 5.2 kila mwaka. AutoCAD LT ni takribani robo ya bei hiyo, milioni 1.3 hivi, na kwa michoro ya kawaida ya bapa inatosha, ingawa haina kile kikaguzi cha kulinganisha faili na kanuni mlizokubaliana, na huchori umbo la nyumba nzima la kuzungusha. ZWCAD na BricsCAD hufungua mafaili yaleyale ya AutoCAD, yaani ya DWG, na zote mbili huuza leseni ya kudumu: unalipa mara moja, inabaki yako. Kwa ofisi ambayo kazi hujaa baada ya mauzo ya pamba na kupungua miezi mingine, leseni ya kudumu inakaa vizuri zaidi na mfuko. Wapo wengi waliojifunzia ArchiCAD ya Wahungari, kwa kuwa mteja akiona picha ya nyumba yake yenye paa na kivuli hufungua pochi haraka. Hiyo nayo hutoa DWG, ila lazima mara ya kwanza ukae uipangie ni leya gani yake iwe leya gani ya kwenu. Usipofanya hivyo itatoa majina yake yenyewe na kumchanganya kila mtu.

LibreCAD ni bure kabisa, nyepesi, inakaa hata kwenye kompyuta ya zamani. Kasoro yake kwa kazi ya kupokezana ni kwamba nyumbani kwake ni muundo mwingine, DXF. DWG huisoma kwa kubahatisha na haiandiki. Leseni ya bure ya wanafunzi ya Autodesk ni ya kujifunzia, si ya kazi ya kulipwa. Na ile ya "kraki" inayozunguka kwenye flashi, sote tunaijua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda wimbo, lakini hata ukiweka sheria kando, kraki huganda kwenye toleo la mwaka iliopasuliwa. Faili lililohifadhiwa kwa muundo wa DWG wa 2018 halifunguki kwenye AutoCAD ya 2014. Ndiyo sababu mstari mmoja wa ukurasa wetu unasema: hifadhi kwa muundo wa 2013. Mstari huo haugharimu kitu, na umeokoa simu nyingi.

Ukinibana nichague, ningesema programu yoyote halali inayoandika DWG itafaa, mradi vipimo, leya na fonti mmekubaliana. Watu wanne wenye AutoCAD ya milioni tano kila mmoja, bila makubaliano, wataharibiana kazi vilevile.

Kwenye karatasi ndiko mteja anakoumia bila kujua. Saizi ya A1 ni milimita 594 kwa 841. A3 ni 297 kwa 420, yaani nusu kila upande. Ukichora kwa skeli ya 1:100 kwenye A1 kisha ukachapisha A3, skeli imekuwa 1:200, na fundi atakayeweka rula juu ya karatasi akiamini maandishi ya kona atakata chumba cha mita nne kuwa cha mita mbili. Steshenari nyingi zina mashine ya A3. Plota ya A1 ni safari. Kutoka Bariadi hadi Lamadi pekee ni kilomita 71.8, na kutoka hapo bado unaambaa na ziwa kupitia Magu hadi Mwanza. Ushauri wangu kwa nyumba ya kawaida ni kuchora tangu mwanzo kwa ajili ya A3, karatasi zikiwa nyingi kidogo, kuliko kuchora A1 na kuibana.

Hapa waliopanga kanuni za ISO walikuwa werevu kwelikweli. Unene wa kalamu zao ni 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa uwiano uleule unaotenganisha A3 na A2, au A2 na A1. Ukipunguza mchoro kwa saizi moja, mstari wa 0.5 unakuwa 0.35, yaani kalamu inayofuata chini. Mchoro unabaki na sura yake. Kimo cha maandishi nacho kina ngazi hizohizo: 2.5, 3.5, 5, 7. Maandishi ya 2.5 kwenye A1 yakibanwa A3 yanakuwa 1.25, na mzee mwenye nyumba hatayasoma hata kwa miwani. Sisi tuliweka 3.5 iwe ndogo kuliko zote kwa chochote kinachoweza kubanwa.

Halafu kuna njano. Kwenye skrini nyeusi rangi ya njano inang'aa, hivyo wengi huichagulia madirisha. Faili likienda kuchapishwa bila lile faili dogo la CTB linaloambia printa kila rangi ina unene gani na itoke nyeusi, njano inatoka njano, kwenye karatasi nyeupe. Nyumba inakuwa haina madirisha. Karatasi nane, mara nakala nne, zote za kutupa. Na mtu wa steshenari akibonyeza kitufe cha kutosheleza ukurasa, skeli imekufa hata kama mlifanya kila kitu sawa, kwa hiyo kila karatasi yetu ina mstari wa mita kumi uliochorwa chini kabisa: ukipungua mchoro, nao unapungua, na fundi anaweza kuupima.

Hesabu yenyewe naiweka kwa mfano. Badilisha tarakimu kwa zako. Watu wanne, kila mmoja akijihesabia shilingi 50,000 kwa siku, wanakaa siku mbili kuandika ukurasa na kutengeneza kiolezo: 400,000. Tuseme bila makubaliano kila ramani inakula nusu siku ya kusafisha faili la mwenzako, 25,000, ukiacha karatasi zilizotupwa. Ramani ya 16 inarudisha fedha zote, na kuanzia ya 17 ni faida. Ofisi inayotoa ramani mbili kwa mwezi itangoja miezi minane. Inayotoa moja kila baada ya miezi mitatu itangoja miaka minne, na kwa ofisi hiyo kwa kweli sioni haja ya kujisumbua: ichukue kiolezo cha jirani, ifute leya isizozihitaji, ibadilishe jina kwenye kona.

Mwenye nyumba naye ana la kuchagua. Ukilipia ramani, omba PDF kwa ajili ya fundi na DWG kwa ajili ya kesho, kabla hujamaliza malipo, siyo baada. Siku utakapotaka kuongeza chumba, DWG safi ni kazi ya siku moja kwa mchoraji yeyote. PDF peke yake ni kuchora upya. Kisha tazama kona ya karatasi. Pawe na tarehe, skeli, saizi ya karatasi ambayo skeli hiyo ni ya kweli, na herufi ya toleo: A, B, C. Nimepokea mafaili yaitwayo "nyumba final", "nyumba final kabisa" na "nyumba final ya mwisho kweli" kwa wiki moja, na fundi alikuwa ameshachimba kwa kufuata la pili.

Mimi ningekuwa naanza leo, nikiwa na laki tano na ofisi ndogo pale mjini, nisingenunua programu mpya. Ningewaita injinia na msanifu wangu waje Bariadi kwa siku mbili na kuwalipa nauli na siku zao. Tungefungua ramani tatu za zamani, moja ya kila mmoja wetu, na kuzigombania hadi ziwe na leya zilezile. Kilichobaki kingeenda kwa samaki wa Lamadi na ugali mchana, na kwa kuchapisha karatasi moja ya A3 ya majaribio, niupime ule mstari wa mita kumi kwa rula kabla hawajapanda gari.